Uzi wa Majani Mgongoni mwa Kisu

Véronique alikuwa ametoka Kasongo kwa pikipiki alfajiri, na alipofika Wamaza matope yalikuwa yamemganda hadi magotini. Asma, mke wa mhunzi Bulaimu, alimletea maji ya kuoga. Aliyakataa kwa upole, akaketi, akafungua kitambaa alichokuwa amekipakata njia nzima. Alitaka kwanza jambo lake lisikike.

Ndani yake kulikuwa na kisu cha jikoni ambacho hakijatiwa mpini. Kilifuliwa kutoka resori, springi ya lori, na aliyekifua alikuwa Gédéon, mume wake, mhunzi aliyefariki majira ya mvua baada ya homa iliyomchukua upesi kuliko watu walivyoweza kukusanyika. Mgongoni mwa kisu kulipita uzi wa majani: mikato midogo ya tupa, mmoja upande huu, mwenzake upande ule, na katikati yake chuma kilichobaki kikijipinda kama mmea unaotambaa. Uzi ulianzia shingoni, ukafika katikati, ukaishia hapo. Kutoka hapo hadi nchani mgongo ulikuwa mtupu.

Kisu kilikuwa cha Darlène, binti yao wa pekee, ambaye angeolewa Nyangwe mpunga ukishavunwa. Katika ukoo wa Gédéon binti haondoki bila kisu cha namna hiyo. Siku ya kumtoa, shangazi yake hukipokea mbele ya watu na kupitisha kidole gumba mgongoni, polepole, kutoka shingoni hadi ncha. Uzi usipokatika, binti hukabidhiwa kisu na safari huanza. Ukikatika, kisu hurudishwa ndani, naye huenda kwa mumewe mikono mitupu, na maisha yake yote watasema kwamba baba yake hakumtoa kwa moyo. Baba akiwa amefariki, tupa hushikwa na mtu wa nyumba yake, wala si fundi wa kuazima. Shangazi wa safari hii alikuwa Estelle, dada yake Gédéon, na Estelle hakuwa mtu wa kufumbia jambo macho.

Bulaimu alisikiliza mpaka mwisho. Yeye na Gédéon walijifunza uhunzi kwa fundi mmoja, na hapakuwa na mtu mwingine aliye hai aliyejua kukata uzi ule. Alisema angeweza kuumaliza kwa muda mfupi na Estelle asijue kitu. Véronique alitikisa kichwa. Uongo mmoja mgongoni mwa kisu cha mwanawe, alisema, ungetosha kumnyima usingizi. Alikuja kufundishwa.

Basi akafundishwa. Bulaimu alimpa vipande vya chuma laini, akamwonyesha jinsi ya kuvibana katika jiliwa, na jinsi ya kufungua jani kwa tupa ya pembe tatu kisha kulilainisha kwa tupa ya mviringo, ili pasibaki kona kali ambayo baadaye ingepasua chuma kikizamishwa majini. Alimfundisha kwamba tupa huuma inapokwenda mbele tu, na kwamba inaporudi sharti inyanyuliwe. Kidole gumba cha kushoto huiongoza, na pumzi huzuiliwa mpaka mkato utimie. Wiki ya kwanza vidole vyake vilichubuka. Asma, aliyekuwa akipuliza mivukuto, aliviinua vipande vyake kwenye mwanga na kuvikagua kama mnunuzi wa sokoni.

“Mama Darlène, haya majani hata mbuzi atayakataa,” alisema.

“Mbuzi wako ana kiburi,” Véronique alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akajisikia akicheka.

Kisha Bulaimu akaenda Lusangi kupeleka majembe, na mvua ikamzuia huko. Véronique hakukaa bure. Alikiweka kisu cha mume wake mbele yake, akakifanya mwalimu. Kwa kuwa kazi yake ingeanzia pale Gédéon alipoishia, alichagua kuyafuatisha majani ya mwisho kabisa, yale yaliyopakana na mgongo mtupu. Aliona kwamba hayafanani na ya mwanzo. Yalilala kidogo kushoto, na kila mkato uliishia kwa mkia mwembamba, kana kwamba tupa iliachiwa iteleze. Alidhani huo ndio urembo ambao mume wake aliuvumbua kwa ajili ya binti yake. Aliurudia asubuhi na jioni, kipande baada ya kipande, mpaka mkono ukaujua bila kuulizwa, na mkia mwembamba ukawa unatoka wenyewe kila alipofika mwisho wa pumzi.

Bulaimu aliporudi, Véronique alimtandikia vipande vyote juu ya benchi, akasimama kando akingoja sifa. Bulaimu alikichukua cha kwanza, akakirudisha. Akachukua cha pili. Uso wake ulikuwa umebadilika.

“Nani alikufundisha kuachia tupa namna hii?”

“Ni yeye mwenyewe,” Véronique alisema, akamsogezea kisu. “Nilifuata majani yake ya mwisho.”

Bulaimu alipitisha ukucha juu ya majani yale, akarudia, kisha akakipeleka kisu mlangoni penye mwanga. Alipozungumza hakumtazama.

“Mama Darlène, hii si urembo. Hii ni mukono ya mutu mugonjwa. Hapa tupa ilikuwa inamutoroka. Ona, hapa alijaribu kuirudisha. Hapa tena. Kisha akaacha.”

Akachukua tupa mpya, akaigusisha kwenye ile sehemu tupu ya mgongo na kuisukuma. Tupa haikuuma. Iliteleza juu ya chuma na kutoa sauti nyembamba, haikuacha hata mkwaruzo.

“Na kimekwisha kunywa maji,” alisema.

Hata Véronique, kwa muda mfupi aliokaa pale, alijua maana yake. Majani hukatwa chuma kingali laini. Yakishatimia, ndipo kisu hutiwa motoni kikawa chekundu na kuzamishwa majini, na baada ya hapo hakuna tupa itakayokiingia. Hakuna mhunzi anayekinywesha maji kisu ambacho bado ana nia ya kukichonga. Kifo hakikumkuta Gédéon kazini. Alikuwa ameshaufunga uzi wake mwenyewe, akijua umeishia wapi.

Véronique aliketi chini. Alikumbuka sauti ya tupa iliyotoka karakanani kila asubuhi hadi siku ya homa, na jinsi alivyokuwa akiosha vyombo huku ameridhika kwamba kisu cha mtoto kinaendelea. Ile tupa ilikuwa juu ya chuma gani? Chuma chochote, vipande vya kutupa, mradi mke asikie. Akakumbuka pia mchuzi uliomwagika mkekani, na maneno yake mwenyewe mbele ya Darlène: kwamba baba sasa amekuwa bwana mkubwa, amesahau hata kushika sahani, tumletee mtumishi wa kumlisha. Gédéon alicheka. Alicheka pamoja nao, mkono ameuficha chini ya paja.

Bulaimu alimweleza kilichowezekana. Angeweza kukirudisha kisu motoni, kisha kukilaza kwenye majivu kipoe taratibu mpaka kilainike tena. Lakini moto huvisha chuma magamba, na magamba yanapobanduka huondoka na mistari iliyo myembamba. Majani ya mwanzo yalikatwa kwa kina, yangebaki. Yale ya mwisho yangepotea.

“Yeye alitaka isiguswe,” Véronique alisema.

“Alitaka ugonjwa isijulikane,” Asma alijibu kutoka kwenye mivukuto. “Aibu ilikuwa yake. Mutoto atabebeshwa kwa nini?”

Véronique akakiweka kisu juu ya makaa kwa mkono wake mwenyewe.

Kilipotoka kwenye majivu, majani ya mwisho yalikuwa yamefutika kama Bulaimu alivyosema. Ilibidi Véronique ayakate upya kabla ya kuendelea. Bulaimu alisimama nyuma yake, akamsihi akate wima, kama majani ya mwanzo. Véronique alizuia pumzi, akasukuma. Mwishoni mwa mkato tupa ilikwenda kushoto, na mkia mwembamba ukabaki nyuma yake. Alijaribu tena, akashika kwa nguvu zaidi, na mkono ukafanya vilevile. Alilia bila sauti, machozi yakidondokea vumbi la chuma. Bulaimu alinyoosha mkono kumsaidia, kisha akaurudisha.

“Acha iende,” alisema.

Ikaenda. Siku zilizofuata, jani baada ya jani, ugonjwa wa Gédéon ulitambaa hadi nchani. Bulaimu alikinywesha kisu maji, nacho hakikupasuka, akakitia mpini. Véronique akarudi Kasongo.

Siku ya kumtoa Darlène ua ulijaa watu. Estelle alikipokea kisu, akafumba macho, akaweka kidole gumba shingoni. Kidole kilikwenda vizuri hadi katikati. Hapo kikapunguza mwendo. Kikasimama, kikarudi nyuma kidogo, kikaendelea tena, kizito, mpaka mwisho. Uzi haukukatika. Alipofumbua macho, yalikuwa yamelowa, nayo yalimtazama Véronique peke yake.

“Kaka yangu alikuwa mugonjwa kabla ya homa,” alisema. “Mukono yake ilikuwa inakufa. Wewe ulikuwa unaona.”

Véronique angeweza kusema kwamba hakuona chochote. Lakini hapo angelazimika kueleza alijuaje sasa, na uzi ulifungwa wapi, na kwamba baba alikiacha kisu cha binti yake kikiwa na uzi nusu. Darlène alikuwa amesimama mbele yake, mikono ameikunjua tayari kupokea.

“Nilikuwa naona, wifi.”

“Na ukanyamaza.”

“Nikanyamaza.”

Estelle alivuta pumzi, akakiweka kisu mikononi mwa Darlène. Wanawake wakaanza kuimba. Darlène alikishika, lakini hakukitazama. Alimtazama mama yake, kama mtu anayehesabu upya kila mlo waliokula pamoja kwenye mkeka ule mmoja. Kisha akageuka. Shangazi zake wakamsindikiza hadi kwenye pikipiki, akapanda nyuma ya dereva, akakipakata kisu. Véronique alisogea hadi ukingoni mwa barabara na kuinua mkono. Pikipiki ikashika njia ya Nyangwe, na mgongo wa binti yake haukugeuka.

Akabaki na mkono ule hewani, akiutazama ulivyotulia.