Sekunde Arobaini za Salamu

Mlangoni mwa ofisi yake Bwana Karisa Dzombo alibandika kibao kipana kuliko mlango wenyewe: MKUU WA UENDESHAJI WA KILA SIKU, MABASI YA UMMA, JIJI LA GARSEN. Neno "jiji" alilipenda mno. Sisi wenyeji tulilisoma, tukageuka kutazama nje, tukaona mbuzi wawili wamelala katikati ya kivuko cha waenda kwa miguu. Jiji hilo lilikuwa na mabasi manne, na moja kati ya hayo lilikuwa juu ya mawe.

Mimi ni Bahiya Buya, mdhibiti wa safari. Kazi yangu ni kuandika basi limetoka saa ngapi, limefika saa ngapi, na kama limechelewa, kwa nini. Kabla ya Bwana Dzombo niliandika "mto", au "ng'ombe barabarani", au "harusi", na kila mtu aliridhika. Yeye alitoka Mombasa, na kabla ya hapo alihudhuria kozi ya wiki sita ng'ambo, mahali ambako, alituambia, basi likichelewa dakika moja dereva huomba radhi kwa kipaza sauti. Alirudi na cheti na saa ya kuhesabia sekunde aliyoivaa shingoni. Nadhani alikuwa akioga nayo.

Wiki yake ya kwanza alipanda basi la Kulesa linaloendeshwa na Hirbo. Hirbo ni Muorma, mtu wa makamo, mpole. Ukame wa juzi ulimwachia ng'ombe mmoja kati ya sitini, naye akaja mjini akajifunza kuendesha gari, akisema usukani haufi kwa kiu. Watoto saba wanakula kwa usukani huo. Bwana Dzombo alikaa nyuma yake na saa yake, akarudi ofisini uso unang'aa kana kwamba amegundua mafuta.

"Bi Bahiya, unajua kati ya dakika hamsini za safari hii, ngapi zinapotea kwa salamu?"

"Sijui, bosi."

"Ishirini na tatu! Kila kituo, huyu mtu anasimamisha injini na kuuliza habari za ng'ombe! Za mvua! Za mguu wa bibi ya mtu!"

Alisema kweli. Hirbo akisimama, huanza na amani ya Kiorma, na mambo huenda hivi: "Nagaa?" "Nagaa." "Watoto nzuri?" "Nzuri." "Ng'ombe nzuri?" "Nzuri." "Mto?" "Iko chini." "Njia?" "Njia iko sawa, lakini pale kwa mikokoteni ya mizigo kuna shimo." Akifika kwa Wapokomo hubadilisha lugha na kuuliza za mpunga na maembe. Huko kwetu hiyo ndiyo salamu. Mwenye kusema "habari" na kuendelea na njia yake tunamhesabu mgonjwa.

Jumatatu iliyofuata waraka ukatoka. Dereva aliruhusiwa kusema "habari" mara moja kwa kila kituo, na hakulazimika kusubiri jibu. Salamu za dini zifupishwe. Muda wote wa kusimama, kushusha na kupandisha, usizidi sekunde arobaini. Mtumishi yeyote wa shirika atakayekutwa akisalimiana zaidi ya hapo akiwa kazini ataandikiwa barua, na barua ya tatu ni ya kumfuta kazi. Nilipewa kazi ya kuziandika hizo barua. Bwana Dzombo aliweka sahihi yake chini ya waraka kwa wino wa kijani, kubwa, yenye mkia.

Hirbo alipata ya kwanza Jumatano na ya pili Ijumaa. Niliziandika mimi, kwa mkono huu, na niliona haya kumtazama usoni.

"Dada Bahiya," aliniambia, barua ameikunja mara nne kiganjani, "mimi ikipita mzee bila kusalimia, yeye nafikiri nini? Nafikiri iko damu kati yetu."

"Hirbo, nyamaza tu kwa muda. Ya tatu ikija sina la kufanya."

"Watoto saba," akasema, si kwa kulalamika, kama mtu anayejikumbusha. Kuanzia siku hiyo alifunga mdomo. Alisimama, akafungua mlango, akaangalia mbele, akafunga mlango, akaondoka. Bwana Dzombo alichora mchoro ukutani, mstari unapanda. Basi la Kulesa likaanza kufika mapema, na abiria wakaanza kupungua, jambo ambalo lilisaidia sana, kwa kuwa abiria ndio hasa wanaochelewesha basi.

Baada ya majuma mawili nikaletewa wageni dirishani. Mama Tuneya, anayeuza maembe kituo cha Kulesa, alikuwa amevaa leso zake za msibani, na nyuma yake wanaume wawili wa kijiji, mmoja ameshika kuku mwekundu miguu juu.

"Shikamoo, Mama Tuneya."

"Marahaba, mwanangu. Wewe angalau unasalimia." Akakaa, akavuta pumzi. "Tumekuja kuuliza. Tumekosa nini?"

"Mmemkosea nani, mama?"

"Hirbo. Siku kumi na nne anatupita mdomo umefungwa. Tumekaa kikao mara mbili. Tumeulizana ni nani amegusa ng'ombe wa watu wake, ni shamba la nani limeingiliwa. Hatuoni kitu. Bahiya, wewe umezaliwa hapa. Muorma na Mpokomo wakiacha kusalimiana, unajua kinachofuata. Tulishawazika watu kwa kinachofuata. Tumeleta kuku, atuambie kosa letu, tuombe msamaha."

Nikawapeleka kwa Bwana Dzombo. Aliwasikiliza sekunde arobaini hivi, akawashukuru kwa maoni yao, akaandika kwenye daftari la huduma kwa wateja "wananchi wanafuatilia mabadiliko kwa karibu," akampokea kuku. Alimla Jumapili na wali.

Mama Tuneya alipotoka alinisimamisha langoni, nikamweleza ukweli wote, waraka na sekunde na barua mbili za Hirbo. Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaacha kucheka ghafla. "Kwa hiyo kwenu salamu ni kosa," alisema. "Vizuri. Tumesikia."

Mwezi ule ule wakaja wageni wawili wa wafadhili, mwanamume na mwanamke wenye kofia pana, kuja kuuona mstari unaopanda. Bwana Dzombo alitaka wapande basi la Kulesa, wajionee wenyewe. Tukaondoka saa mbili kamili asubuhi: wageni, yeye, mimi na daftari langu, Hirbo kwenye usukani, na abiria hakuna, ili tusichelewe. Mbingu zilikuwa nyeupe, hakuna hata wingu. Simu ya Bwana Dzombo ilionyesha picha ya jua, naye akawaonyesha wageni lile jua kana kwamba amelileta yeye. Sisi wa Tana hatuangalii juu. Maji yetu hunyesha mbali huko kwa wenyewe, halafu hutufikia kwa miguu siku kadhaa baadaye, jua likiwaka.

Kituo cha tatu alisimama mzee wa Kiorma na ng'ombe zake, fimbo ameinua juu kwa mikono miwili. Hirbo alipunguza mwendo. Alimtazama Bwana Dzombo kwenye kioo.

"Bosi, huyu nataka kusema kitu."

"Anapanda?"

"Hapana. Nataka kusema."

Bwana Dzombo akaigonga saa yake kwa ukucha. "Una barua ngapi, Hirbo?"

Hirbo akabadilisha gia, tukampita yule mzee. Nilimwona kupitia dirisha la nyuma ameteremsha fimbo, kinywa wazi. Tulikuja kujua baadaye kwamba alikuwa akitoka huko huko tulikokuwa tukienda, na alichotaka kusema ni maneno matatu: maji yamekata barabara.

Tulifika pale penye kalvati kabla ya Kulesa, tukaona maji yametanda juu ya njia, hatua thelathini hivi, yametulia, yanapendeza. Hirbo akasimamisha basi.

"Bosi, sijui chini ikoje. Ningeuliza ningejua."

"Ni maji ya kifundo cha mguu! Tuko mbele ya ratiba kwa dakika mbili, mbele ya wageni. Endesha. Au nimwambie Bi Bahiya atoe kalamu?"

Sikusema kitu. Hilo najilaumu hadi leo. Hirbo alisema bismillahi, akaingia polepole, na katikati kalvati haikuwepo tena. Gurudumu la mbele likazama, basi likainamisha pua, maji yakapanda ngazi ya kwanza, ya pili, yakaingia ndani kutuzunguka viatu. Mgeni mwanamke akapanda juu ya kiti. Mwenzake alikuwa akipiga picha.

Ng'ambo ya maji watu wa Kulesa walishatoka. Walikuwa na mitumbwi miwili tayari, na makasia. Niliwahesabu, watu kumi na mmoja, Mama Tuneya mbele yao kwenye kigoda. Hakuna aliyesogea.

"Saidieni!" akapiga kelele Bwana Dzombo dirishani. "Leteni mitumbwi!"

Wakamtazama.

"Hamsikii? Mimi ni Mkuu wa Uendeshaji!"

Mama Tuneya akamgeukia mwenzake, akasema kwa sauti ya kutufikia: "Huyu ni nani anayepiga kelele? Mbona hajasalimia? Labda ana haraka. Tusimpotezee dakika."

Hirbo aliegemeza paji la uso kwenye usukani, mabega yakimtetemeka. Nilidhani analia.

Maji yalifika magotini mwa Bwana Dzombo. Alinitazama mimi, nami nikatazama daftari langu. Ndipo akatoa kichwa dirishani, tai imelowa, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Za kwako?" Kisha Mama Tuneya akajiweka vizuri kwenye kigoda. "Na wenzangu hawa?"

Bwana Dzombo aliwasalimia wote kumi na mmoja, mmoja mmoja. Aliuliza mpunga, akaambiwa. Aliuliza watoto, akatajiwa majina. Mmoja wao, Mzee Komora, alipotea kidogo katika habari za mguu wake, akarudi mwanzo, na Bwana Dzombo akasubiri. Aliposahau kuuliza maembe, akakumbushwa. Saa ya shingoni ilikuwa inakwenda wakati wote huo, nami nikaisoma: dakika ishirini na sita. Halafu mitumbwi ikaja, na watu wa Kulesa wakatubeba kwa upole mkubwa, wageni kwanza.

Kesho yake asubuhi aliniita. Viatu vyake vilikuwa dirishani vikikauka. "Andika barua ya tatu ya Hirbo," akasema bila kuniangalia. "Kosa: kuingiza mali ya umma majini."

Nilikwenda, nikaandika. Nikarudi na barua nne. Moja ilikuwa ya Hirbo. Tatu zilikuwa za Bwana Dzombo mwenyewe: mtumishi wa shirika, akiwa kazini, amesalimiana dakika ishirini na sita na watu kumi na mmoja. Nilikuwa na haki ya kuandika kumi na moja, ila tatu zilitosha. Juu nikaweka waraka wenye sahihi ya kijani.

"Bi Bahiya, hii nini?"

"Nimeandika nilichokiona, bosi. Na wageni wana picha."

Alizisoma moja moja bila kuitazama saa yake. Kisha akazifungia zote nne kwenye mtoto wa meza. Juma lililofuata ukatoka waraka mpya: kila dereva abebe Fomu ya Taarifa za Njia na kumhoji mwananchi katika kila kituo, maswali kumi na manne. Swali la kwanza ni "Hujambo?" La tisa ni mto. Wageni, nasikia, wameisifu sana fomu hiyo.

Hirbo anaendesha bado. Anasimama, anazima injini, anauliza ng'ombe, na kuku mwingine ameshapelekwa, safari hii kutoka kwake kwenda Kulesa. Kila asubuhi hupita langoni pale Bwana Dzombo anaposimama kukagua mabasi. Hupita akiangalia mbele, mdomo umefungwa.

Siku ya nne ya hayo Bwana Dzombo alikuja dirishani kwangu. Alizungukazunguka, akashika kalamu yangu, akairudisha.

"Shikamoo, Bi Bahiya," akasema, mtu aliyenizidi miaka kumi. Halafu akashusha sauti. "Yule Hirbo. Kwani nimemkosea nini?"