Konokono wa Chini ya Tangi

Kuna watu wanaosamehe na kusahau, na kuna wanaosamehe wakakumbuka. Mtunza kabati za konokono katika jumba la makumbusho hakuwa huku wala kule. Yeye hakusamehe kabisa, na kutosamehe kwenyewe kulimpa raha.

Kazini walimwita Bibi Gamba, kwa kuwa kutwa alikuwa na gamba la konokono mkononi na lenzi jichoni. Jina hilo halikumuudhi. Aliyemuudhi alikuwa Mkuu wa idara, mwanamume aliyeanza naye kazi siku moja, wakala sahani moja, na ambaye Bibi Gamba mwenyewe ndiye aliyemfunza kumshika konokono inavyotakiwa: ncha juu, mdomo wa gamba ukutazame wewe. Ukimshika hivyo, karibu konokono wote mdomo wao utauona upande wa kulia. Wenye mdomo wa kushoto ni wachache, na mtu wa kazi hiyo akimpata mmoja huwa haoni usingizi.

Bibi Gamba alimpata nyumbani kwa mama yake, chini ya tangi la maji, kwenye mawe yasiyokauka. Au tuseme kweli: mama ndiye aliyempata. Alimwita bintiye uani asubuhi moja baada ya mvua akamwambia, "Njoo uwaone wapangaji wangu, hawalipi kodi na hawana kelele." Walikuwa wadogo kama vifungo vya shati, rangi ya chai ya maziwa, na kila mmoja alikuwa na mstari mweusi, mwembamba, uliozunguka gamba hadi kileleni. Pembe zao zilitoka polepole, zikipapasa hewa kwanza. Pembeni yao koa mmoja, yule konokono asiye na gamba, alijivuta juu ya jiwe akiwa uchi wake, na mama akasema huyo ndiye aliyefukuzwa nyumba. Tangu hapo, jua likikaza, mama aliwamwagia wapangaji wake maji aliyosuuzia mboga.

Bibi Gamba alipekua kabati zote za makumbusho, hakuona mwenzao. Alikuwa konokono wa hapa hapa, asiye na jina, na Bibi Gamba akaapa kwamba ataitwa kwa jina la mama. Akamwonyesha yule mwenzake wa sahani moja. Kisha mama akaugua, binti akachukua likizo kumuuguza, na aliporudi kazini alikuta konokono ameshaandikwa, ameshachapishwa, na amepewa jina la mama wa mwandishi, bibi mmoja wa ghorofani aliyekimbia hata jongoo. Mwandishi akapanda cheo. Ndiye huyo Mkuu.

"Mwanangu, konokono anajua anaitwa nani?" mama alisema alipoambiwa. "Waachie majina yao. Mimi nina konokono wenyewe."

"Sawa, mama," alijibu binti, na moyoni akasema, ipo siku.

Siku ikaja yenyewe, ikiwa imekunjwa ndani ya bahasha. Mjini palikuwa pameingia konokono mgeni, mla mboga, aliyefanana na yule wa tangi kwa kimo, kwa rangi na hata kwa mstari. Tofauti yao ilikuwa mdomo tu: mgeni wake kulia, mwenyeji wake kushoto. Bustani za watu, ya mama ikiwemo, zilikuwa zikiisha, na Mkuu akaamua litengenezwe bango lenye picha mbili kubwa. Chini ya moja paandikwe HUYU NI WETU, MLINDE. Chini ya nyingine, HUYU NI MGENI, MPONDE. Bibi Gamba alimshauri aongeze maneno "kulia" na "kushoto".

"Watu hawasomi," Mkuu alisema. "Wanaangalia picha. Wewe kagua tu, uweke muhuri."

Alipolikunjua mezani, Bibi Gamba aliliona kosa kabla hata ya kukaa. Msanifu wa kurasa, mtu wa mjini anayependa mambo yakae vizuri, aliona wale wanyama wanatazama nje ya bango, akawageuza kama kwenye kioo ili watazamane. Picha ya gari ukiigeuza, gari linabaki gari. Gamba la konokono ukiligeuza umemfanya kiumbe mwingine. Sasa mwenyeji alikuwa na mdomo kulia, na mgeni kushoto. Bango lote lilikuwa limesimama kwa kichwa, na chini yake paliandikwa jina la Mkuu kwa herufi nene.

Angeweza kupiga simu. Mkono ulifika hadi kwenye kipokezi. Halafu akamfikiria mama alivyolala kitandani siku zile, na huku mtu anamwibia wapangaji wake, na chuki ikamjaa mdomoni kama mate. Akachukua muhuri, akaugonga. Sauti yake ilimpendeza, akaugonga tena kwenye karatasi tupu.

Uzinduzi ulikuwa bado, lakini Mkuu alikuwa na haraka ya sifa, na mabango yakatangulia kusambazwa sokoni, zahanati na kwenye ofisi ya maji. Bibi Gamba akipita aliyaona ukutani na kucheka peke yake kama mtu aliyebeba siri ya harusi. Mara moja wazo lilimpitia: je, watu wakiyafuata? Akalifukuza. Nani husoma mabango, si Mkuu mwenyewe alisema? Jumamosi hizo hakwenda kwa mama kumchagulia konokono wa kuponda na wa kuacha, kama alivyozoea. Alikuwa nyumbani kwake, mbele ya kioo, akifanya mazoezi ya swali lake.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Walikuja wataalamu wenzao wa magamba, wakuu wa shule na waandishi wa habari. Mkuu akasimama chini ya bango lake, suti imenyooka, akauliza kama kuna swali. Bibi Gamba akainuka, na mfukoni akatoa gamba la konokono wa tangi.

"Samahani, Mkuu. Mimi ni mtu wa kabati tu, naomba unisaidie. Huyu hapa ana jina la mama yako. Mshike, ncha juu, halafu utuonyeshe ni yupi kwenye bango."

Mkuu akamshika. Akatazama gamba, akatazama bango, akatazama gamba tena. Jasho likaanza masikioni. Kwenye safu ya mbele mzee mmoja wa magamba akaguna, jirani yake akacheka, na kicheko kikatembea hadi nyuma.

"Lina muhuri wako," Mkuu alisema kwa sauti ya chini.

"Na jina lako," alijibu Bibi Gamba. "Ulichukua jina la mama yangu, nimekuachia la kwako."

Alitoka ukumbini mabega juu. Alikuwa amengoja sana, na utamu ulikuwa vile vile alivyoufikiria, haukupungua hata chembe. Alitaka mtu wa kumsimulia, na hakuna wa kumsimulia kama mama.

Mama alikuwa uani, gauni limelowa pindoni, amechoka na kufurahi. Kwenye mlango wa jiko palibandikwa bango.

"Nesi wa zahanati kanipa," alisema. "Nikamwambia, huo muhuri ni wa mwanangu. Nikaona mbona nakusumbua kila wiki uje kunichagulia, na mwenyewe una kazi? Nimefanya peke yangu. Wiki nzima, jiwe kwa jiwe."

Kando ya tangi palikuwa na ndoo. Bibi Gamba hakuhitaji lenzi. Magamba yaliyopondeka yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na kwenye machache yaliyobaki mazima, mdomo ulikuwa kushoto. Akapiga magoti, akainua mawe yote ya chini ya tangi, moja baada ya jingine. Alimkuta koa peke yake, aliyepona kwa sababu hakuwa na gamba la kulinganisha na picha.

"Unajua," mama aliendelea, "mimi nilikumbuka kama uliniambia kinyume. Kulia, kushoto, nikachanganyikiwa. Nikasema hapana, mwanangu hawezi kugonga muhuri kwenye uongo. Nikafuata bango."

Binti alibaki amepiga magoti kwenye tope.

Mama akaenda kwenye tuta la mchicha, akachuma konokono mmoja mnene juu ya jani lililotobolewa, akamleta kwa mikono miwili na kumweka kiganjani mwa bintiye. Mdomo wake ulikuwa kulia.

"Wa kwetu hawa nimewabakiza wote," alisema. "Na kama bado unaona uchungu wa lile jina, basi huyu mwite jina langu."