Taa ya Saba

Wifi yangu Shahira ana wivu. Sisemi kwa kumsengenya. Hata yeye akisikia hatakataa, atauliza tu nani aliyeniambia, na kama ni mwanamke. Kaka yangu Wagdi akimsifu mtangazaji wa televisheni, Shahira anabadilisha stesheni. Akisema yule mama muuza mboga wa mtaani kwetu Abbasiya ana nyanya nzuri, wiki hiyo nyumba nzima inakula bamia.

Na huyo anayeonewa wivu, mngemwona! Wagdi ana kitambi, ana miwani iliyofungwa kwa gundi, na ana mdomo mzito tangu utotoni. Tangu amuoe Shahira, neno tamu pekee lililowahi kumtoka ni lile la mezani, "Mikono yako isalimike," ambalo kila mume hapa Kairo humwambia mkewe hata chakula kikiwa kimeungua. Yaliyobaki yote huyamalizia kwenye karatasi.

Sisi watatu tunafanya kazi katika jarida moja la katuni, Sirdabu, kwenye ghorofa moja pale Bab el-Luq ambayo lifti yake imekufa zamani. Wagdi anachora, Shahira anatia rangi, mimi naandika maneno kwenye viputo. Tusidanganyane, maneno yangu hayanunuliwi na mtu. Watu wanalinunua Sirdabu kwa ajili ya kurasa mbili za katikati, ambako Wagdi huchora mzingile: mji mzima wa kuta, ngazi, madaraja na vichochoro, una mlango mmoja wa kuingilia upande wa kulia na mmoja wa kutokea kushoto, na katikati yake unaweza kupotea mpaka chai ikapoa. Nenda mkahawa wowote siku jarida linapotoka. Utawaona watu wazima, na ndevu zao, wameinamia penseli.

Basi akaja Habiba.

Alitoka Iskandaria, kaajiriwa kutunga hadithi. Hodari, sikatai. Anacheka kwa sauti kubwa, anakula sandwichi ya taamiya huku anaongea, na mawazo yanamtoka hayana breki. Kabla yake Wagdi alikuwa akitunga mwenyewe, na hadithi zake zilikuwa zinasinzia. Sasa Habiba anakuja na mji uliozama mchangani, mlinzi asiye na kivuli, mfalme aliyepotea ndani ya kasri lake mwenyewe, na Wagdi anavua miwani anacheka. Kaka yangu, anacheka ofisini!

"Nyumbani sijawahi kuyaona magego yake," Shahira akaniambia. "Leo nimeyaona yote. Kumbe moja limeoza."

"Si anacheka tu, wifi."

"Anacheka na nani? Hilo ndilo swali."

Wivu wake ulipata pa kukaa vizuri kwa sababu ya jambo jingine. Zamani kule Masr el-Gedida, katikati ya reli za tramu, kulikuwa na bustani ndogo. Haikuwa na jina la maana, watu waliiita Geneina tu, yaani bustani basi. Hapo ndipo walipochumbiana. Mama yetu hakumtaka Shahira, aliona ni msemaji mno, kwa hiyo walikuwa wanakutana kwa kujificha kwenye benchi moja chini ya mti wa jakaranda. Wagdi hakuwa na maneno, kwa hiyo alikuwa akinunua mbegu za kutafuna, anakunjua karatasi zilimofungwa, anamchorea mzingile kwa kalamu, naye Shahira anautafutia njia kwa ukucha. Akitoka upande wa pili, Wagdi anamwangalia. Posa yenyewe haikuwa zaidi ya hapo.

Mwaka huu wakaing'oa miti yote wajenge daraja la magari. Shahira alikwenda kutazama, akakuta nguzo. Alirudi analia machozi ya kweli. Wagdi alikuwa sebuleni anamenya chungwa. Alimsikiliza, akamaliza kumenya, akampa nusu.

"Hata pole, Inas!" akaniambia kesho yake. "Hata kusema kwamba alikuwa anapapenda! Mimi sitaki dhahabu. Nataka neno moja. Nizeeke nikijua nililisikia."

Mimi nilimwambia chungwa nalo ni kitu.

Baada ya wiki chache Wagdi akamletea mzingile wa toleo jipya. Hadithi ilikuwa ya Habiba, ya mji uliofukiwa ambao haupatikani mpaka taa zake saba ziwashwe. Wagdi alikuwa ameuchora kwa wino kama kawaida yake, tofali kwa tofali, lakini taa hakuchora hata moja. Akasimama mezani kwa mkewe anajikuna shingo.

"Taa ziweke wewe," akasema. "Ziko saba. Utajua mwenyewe pa kuziweka."

Kwa Wagdi hiyo ni hotuba. Shahira akaona ni uvivu. Siku hizi, akasema moyoni, ananiachia mimi kazi yake ili apate muda wa kucheka.

Jioni ile nilikwenda kwao, tukawa jikoni tunaviringisha wali ndani ya majani ya mzabibu. Wagdi alikuwa hajarudi. Shahira akafuta mikono, akaniwekea kompyuta mbele ya bakuli la wali.

"Soma."

Kila toleo yeye huanza kwa kuipaka njia rangi ya njano, tangu mlango hadi mlango, kwa sababu jibu huchapwa ukurasa wa mwisho. Na mara hii, alipomaliza kuipaka na kuzificha kuta, njia ilikuwa imeandika kitu. Ilikuwa mstari mmoja usiokatika, kutoka kulia kwenda kushoto: kichwa kilichopinda, halafu meno matatu yaliyofuatana, halafu kitanzi cha mwisho. Ni neno, kwa herufi za Kiarabu. Halikuwa na nukta hata moja, lakini aliyepita chuoni anajua, mtu akishakuwa na jina kichwani nukta huziweka mwenyewe.

Mimi nilisoma mara moja. Kisha nikasoma tena, kwa sababu sikutaka.

"Habiba," nikasema.

"Umeona! Sijakuambia mimi. Umesoma mwenyewe."

"Labda ni—"

"Labda ni nini? Kichwa, meno matatu, kitanzi. Ha, ba, ya, ba. Labda ni jina la mama yenu?"

Niseme ukweli, hata mimi roho iliniuma. Shahira ni mkewe na Habiba ni mgeni, lakini mimi nimemfulia huyo mtu soksi tangu akiwa darasa la kwanza na hakuwahi kunichorea hata paka. Leo mji mzima, na kuta zake, kamjengea mwanamke wa Iskandaria.

"Muulize," nikamwambia.

"Nimuulize ili aniambie mikono yangu isalimike?" Alikuwa anakunja jani moja, anakunjua, anakunja tena mpaka likachanika. "Kasema nitajua pa kuziweka taa. Ananicheka, Inas! Mimi nimtie yule rangi, nimwashie na taa! Sawa. Nitamwashia. Nitamwashia mpaka Aswan wamwone."

"Shahira, usifanye wazimu."

"Wazimu kaufanya yeye. Mimi natia rangi tu."

Na alifanya. Pembezoni mwa njia ile Wagdi alikuwa ameacha vichochoro vifupi visivyotoka popote, vingine juu, vingine chini. Shahira akatundika taa moja chini ya jino la kwanza, mbili chini ya la pili, moja chini ya la tatu, na mbili juu ya kitanzi. Nyekundu, zinawaka. Habiba, hata mtoto angesoma. Taa ya saba ikabaki haina kazi. Aliizungusha zungusha kwenye skrini, mwisho akaibandika nje ya mlango wa kutokea, kama balbu ya ngazini. Kurasa zikaenda kiwandani bila Wagdi kuziona, kwa sababu yeye akishampa mkewe kazi huwa haikagui. Hajawahi kuikagua.

Siku toleo lilipotoka, mhariri wetu Maher alileta keki ya basbusa, tukakusanyika chumba kikubwa. Shahira alikuwa amevaa gauni lake la bluu la harusi za watu. Alikuwa amejipanga kwa vita. Alikaa pembeni yangu akaninong'oneza, "Leo utaona uso wa mtu."

Habiba alifungua jarida lake palepale, akachukua penseli, akaingia mzingile. Tulimwangalia wote. Njia ilipofika katikati penseli ikasimama. Akafunua ukurasa wa mwisho, akatazama jibu, akaketi.

"Hili ni jina langu," akasema.

Maher akamnyang'anya jarida. "Wallahi ni jina lake! Wagdi! Wewe mtu wewe, unyamaze hivi kumbe umeficha mambo!"

Ofisi nzima ikapiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele cha utani, kisha akamwona Shahira akakimeza. Na Habiba, ambaye nilitarajia acheke, alikuwa analia. Alijipangusa kwa kiganja.

"Ustadh Wagdi, sikujua," akasema. "Nilipokuja hapa nilidhani mnanivumilia tu. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kama hiki maishani mwangu."

Shahira alikuwa akimkodolea macho mumewe. Alikuwa anangoja aibu, jasho, au uongo wowote. Hakuvipata. Wagdi alikuwa na sura ya mtu aliyeshuka kwenye basi akakuta si mtaa wao. Akalichukua jarida, akavua miwani, akausogeza ukurasa karibu na pua, akaanza kuhesabu kwa kidole. Watu walikuwa wanakula basbusa. Kisha akaja kwa mkewe akainama.

"Taa ni saba," akasema polepole. "Ya saba mbona iko nje?"

"Haikuwa na mahali," Shahira akasema, na meno yake yamebana. "Jina lake halikuihitaji."

Wagdi akaweka kidole kwenye kichwa cha herufi ya kwanza, chini yake, pale palipokuwa na kichochoro kitupu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekishughulikia. "Hapa," akasema. Akapanda juu ya jino la kwanza, penye kichochoro kingine kitupu. "Na hapa. Hizi mbili za chini umeweka sawa. Na hapa, juu ya jino la tatu."

Nilikuwa nimekaa bega kwa bega na wifi yangu, nikaziona nukta zikihama mbele ya macho yangu. Ha ikapata nukta ikawa jim, ambayo sisi wa Kairo huitamka ga. Jino la kwanza na la tatu, nukta zikipanda juu, yakaacha kuwa ba yakawa nun. Mimi, ninayeishi kwa kuandika herufi, nilikuwa nimesoma mara mbili nisione.

Geneina.

Shahira akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Nilidhani utaisoma," Wagdi akasema. "Zile za kwenye karatasi ya mbegu ulikuwa unazisoma zote."

Habiba alikuwa amesimama karibu, macho bado yana maji. "Kuna kosa, ustadh?"

Wagdi alimtazama Shahira, na mimi namjua kaka yangu: alikuwa anampa nafasi. Angesema yeye. Angesema, hii ni yangu, nipe bustani yangu, na mimi ndiye niliyeigeuza ikawa jina lako. Nikamfinya. Sema, mwanamke! Wewe uliyegombana na muuza nyanya!

Lakini angelisemaje? Aseme mbele ya Maher na wengine wote kwamba alisoma jina la mwanamke mwingine kwenye mapenzi ya mumewe, akalikoleza rangi kwa mkono wake, akalipeleka mitamboni? Alimtazama Habiba na machozi yake. Alimtazama Wagdi. Akainamisha kichwa.

"Hakuna kosa," Wagdi akamjibu Habiba. "Hongera."

Usiku ule Shahira alipika kila anachokipenda Wagdi. Alimwambia yote, nilimsikia nikiwa sebuleni: nguzo, magego, jikoni, majani ya mzabibu. Aliomba radhi mpaka sauti ikakauka. Wagdi alisikiliza akitafuna, na sidhani kwamba alikuwa na hasira. Nadhani alikuwa na haya, kama mtu aliyeimba mara moja tu maishani na watu wakadhani anamwita muuza gesi. Alimaliza sahani yake.

"Mikono yako isalimike," akasema, akaenda kulala.

Habiba aliuweka ule ukurasa kwenye fremu. Maher akautundika ukutani ofisini, na ukuta wenye nafasi ulikuwa mmoja tu, ule unaotazamana na meza ya Shahira. Kila asubuhi akiinua macho anaukuta, taa sita nyekundu za jina, ya saba nje ya mlango, na chini kabisa kwa herufi ndogo: Rangi, Shahira. Ameacha hata kumwonea wivu Habiba. Sasa anamwonea Shahira wa zamani, yule wa kwenye benchi mwenye ukucha.

Mwezi uliofuata Wagdi akamletea mzingile mwingine. Nilikuwepo. Shahira aliupokea kwa mikono miwili, akaupeleka dirishani kwenye mwanga, akautafuta kona kwa kona. Ulikuwa na visima, ndege, nyota, taa tele. Wagdi alikuwa amezichora zote mwenyewe, kwa wino, hakumwachia hata moja.