Mguu wa Thandeka

Watu wa saluni wananicheka. Wiki nzima nasuka nywele katikati ya Durban, na Jumatatu, siku yetu ya kupumzika, napanda taksi kwenda kwenye hifadhi ya wanyama milimani, nje ya mji, kuosha miguu ya tembo, bure. Yvette, mwenye saluni, ananiita mwendawazimu. Na aniite.

Siendi kwa mapenzi matupu. Mutua, Mkenya anayesimamia watu wa kujitolea katika hifadhi ile, aliniahidi barua ya kusifu kazi yangu nikimaliza mwaka. Ukiwa mkimbizi, na vyeti vyako vimebaki Bukavu, kule Kongo, barua ya namna hiyo ndiyo mlango. Kwa barua hiyo ningeomba kazi ya kutunza wanyama, niache kuinamia vichwa vya watu.

Pale kuna desturi moja. Aliyeosha miguu ya tembo ndiye anayeandika ubaoni kama mnyama huyo anafaa kutoka kutembea na wageni, kisha anaweka jina lake. Mwingine hawezi kumwandikia.

Jumatatu iliyotimiza mwaka wangu, Thandeka, tembo jike mzee, alikataa kuninyanyulia mguu wa kushoto. Nilimbembeleza kwa vipande vya boga mpaka akanipa. Kwenye wayo kulikuwa na ufa, na ufa ulikuwa unatoa usaha. Niliumia moyo.

Mutua alinikuta ubaoni. Barua alikuwa nayo mkononi, imeshapigwa muhuri.

"Dada Colette, chanda chema huvikwa pete," akasema akitabasamu. "Andika tu Thandeka yuko fiti. Basi la wageni liko kwa geti, na wamekuja kumwona yeye."

"Iko na kidonda, Mutua. Usaha inatoka."

"Ni saa moja tu. Daktari atamwona kesho."

"Basi wageni nao wangoje daktari."

"Nisikilize vizuri. Usipoandika, hii barua siwezi kukupa."

Alisema hivyo bila haya. Nakiri, niliitamani ile karatasi kama mtoto anavyotamani andazi la mwenzake. Kisha hasira ikanipanda. Barua yenyewe ilinisifu kuwa mtunzaji mwaminifu wa wanyama, na ili niipate ilibidi nimsaliti mnyama!

Nikachukua chaki. Kwa Kiingereza changu cha mtaani, kwa herufi kubwa, nikaandika kwamba Thandeka ana kidonda na hatoki. Chini yake nikaweka jina langu lote, Colette Nabintu Mushagalusa, asije mtu akasema hajui ni nani.

Wageni walikuwa wameshashuka. Mama mmoja alisoma ubao, akamwuliza Mutua kama tembo anaumia sana. Mutua akamjibu kwamba leo atapumzika. Halafu akageuka, akaichana ile barua vipande viwili.

"Umejimaliza mwenyewe," akaninong'oneza, huku akiwatabasamia wageni. "Usirudi hapa tena."

"Haunilipe, utanifukuza namna gani?" nikamwambia, wala sikunong'ona. "Jumatatu niko hapa. Ule mguu nani ataosha? Weye?"