Jike Mwenye Baka Jeupe

Mume wangu Elikana alipanda muhogo ule, halafu ziwa likamchukua, na mwili haukuonekana. Watu wa Mwamgongo wakalia, wakala, wakaondoka. Mimi sikusikia kitu. Nilipika, nilifua, nilimnyoa mwanangu Wema nywele. Ukiniuliza miezi ile nilikula nini, utanionea bure.

Sasa vidung'ata navyo vikaja, wadudu wadogo wanaofyonza muhogo. Unga mweupe ukajaa kwenye vichwa vya muhogo, majani yakajikunja. Bwana shamba Oswald akaja na boti kutoka Kigoma, suruali imepigwa pasi, akapiga magoti matopeni. Nikamwangalia tu. Akasema shamba ama ling'olewe lote lichomwe, lisije likaambukiza majirani, ama liachwe kama lina wa kuliokoa: nyigu wa jenasi iitwayo Anagyrus, mdogo kuliko kiroboto. Anataga ndani ya kidung'ata, mtoto wake anakila hukohuko ndani mpaka linabaki ganda la kahawia. Maganda ya namna hiyo aliyakuta. Akayatia kwenye chupa, akaifunga kitambaa, akaniachia nitazame watakaotoka, pamoja na lenzi yake, maana boti haimsubiri mtu, na simu yangu ni kitochi, haipigi picha.

Akanifundisha mara mbili, utadhani mimi wa chekechea. Madume achana nao, tazama jike. Tazama kipapasio pale kinapoanzia kichwani: kwa jike wa Anagyrus pamepanuka, bapa kama kasia, peusi na baka jeupe. Wanaweza kutoka nyigu wengine kwenye maganda hayohayo, weusi wa kung'aa, vipapasio vyembamba. Hao ndio wanaomla mkombozi wetu. Mkiona hao peke yao, ng'oeni.

Sikumwambia kwamba mimi nilitaka kung'oa. Kila asubuhi nikifungua mlango naona mistari ya Elikana, imepinda kushoto, maana yule mtu hakuwahi kunyoosha kitu maishani mwake. Nilitaka pawe uwanja mtupu. Lakini muhogo ulikuwa mchanga bado. Ukiung'oa, mwakani Wema na mama mkwe wangu, Mama Edina, hawana ugali.

Wakaanza kutoka. Wa kwanza walikuwa na vipapasio vya manyoya: madume. Baadaye mmoja akatembea taratibu kwenye kitambaa. Nikaweka lenzi. Bapa. Peusi, na weupe wake. Sikufurahi, sikuchukia. Nilijua tu kwamba nikisema sikumwona, hakuna wa kunibishia.

Oswald akapiga simu, akauliza nimeona nini. Nikaitazama tena ile mistari iliyopinda.

"Ni yeye," nikasema. "Bapa, peusi, na baka jeupe."

Akashangilia huko Kigoma hadi nikaiondoa simu sikioni. Akasema tusing'oe, tusipulize dawa, chupa tukaifungulie shambani.

Nikampelekea habari Mama Edina. Alikuwa anachambua dagaa, hakuinua kichwa. Nikachoka kunyamaza.

"Mama, mimi nilitaka ling'olewe. Siwezi kuliangalia."

"Najua," akasema. "Hata mimi, Mama Wema. Nilikuwa naomba Mungu usimwone."

Hapo kifua kikaniuma, kikauma kwelikweli. Tukaichukua chupa, tukaenda wote wawili, amenishika mkono kwa nguvu. Nikafungua kitambaa, na yule nyigu akaruka akaingia kwenye muhogo wa mwana wa Mama Edina.