Breki ya Orrin

Kiwambo cha sauti, kile cha kufungwa mdomoni mwa bunduki kupunguza mlio, kilifika wiki ya pili ya Septemba, baada ya kibali chake kuzungushwa maofisini hadi Britta Stordahl akakata tamaa. Alikuwa amekiagiza kwa ajili ya masikio ya baba yake. Mzee Orrin siku hizi alikuwa akiongeza sauti ya televisheni mpaka madirisha yanalia, na Britta alitaka kile kidogo kilichobaki kisipotee, walau mzee amsikie tena dume la elki, yule kulungu mkubwa, akiita mlimani.

Siku hiyo hiyo wakaenda kwa jirani yao Wade Tuckett, mwenye uwanja wa shabaha nyuma ya zizi lake. Orrin akasema hakitafungwa kitu kichwa kichwa, kwanza kilinganishwe na breki ya zamani ya bunduki. Akalala kifudifudi kushoto kwa binti yake, mahali pake pa miaka yote, darubini jichoni. Vizibo vya masikio akavikataa. Wawindaji wa bonde lile hawavai, maana aliyeziba masikio hamsikii elki.

"Mzee, utapasuka kichwa," Wade akasema.

"Kichwa changu hakina kitu cha kupasuka. Piga, mwanangu!"

Britta akapiga kwanza mtutu ukiwa haujafungwa kitu mdomoni. Bunduki ikamtia teke la kumtoa machozi. "Huo ni ukorofi," Orrin akatoa hukumu. Kisha wakafunga breki, kile kipande cha chuma cha kupunguza teke, chenye matundu ya pembeni, ambacho mzee alikichonga mwenyewe Britta alipokuwa na miaka kumi na miwili, bega limemvilia damu, naye anaapa hatashika bunduki tena. Teke likapungua, lakini mlipuko ukatokea ubavuni, moja kwa moja kwa aliyelala kando. Wade, aliyesimama mbali na masikio yake yamezibwa, akaruka. Orrin hakupepesa jicho.

"Safi," akasema. "Bega limetulia."

Mwisho kiwambo. Mlio ukawa kama mtu aliyefunga kitabu kinene, na teke nalo dogo.

"Safi vilevile," akasema Orrin. "Sioni tofauti."

Britta akamtazama. Mzee alikuwa ameiacha darubini. Macho yake yalikuwa begani kwa Britta. Hukumu zote alikuwa akizitoa kwa kutazama bega.

Ndipo elki akaita kutoka chini mtoni, nyuma yao, ule mlio mwembamba unaopanda hadi unatia baridi mwilini. Wade akavua kofia na kugeuka. Orrin akaendelea kuzifuta nyuzi za skrubu mdomoni mwa mtutu kwa kitambaa, kisha akaziona nyuso zao.

"Ee, nimemsikia," akasema haraka, akaelekeza kidole mlimani. "Dume kubwa huyo. Yuko kule juu kwenye misonobari."

Wade akajifanya ana kazi zizini, akaondoka. Britta akamshika baba yake mashavu, akamgeuza waangaliane.

"Baba. Tangu lini?"

Mzee akaitazama midomo yake, akatabasamu kwa aibu. "Masikio yalianza kuondoka ulipokuwa sekondari. Yalikwisha kabisa mwaka juzi."

"Ni breki hii! Ulilala hapa kila msimu, ukijua? Mbona hukuniambia?"

"Ungeifungua siku hiyo hiyo. Bega lingeanza kukuuma, ukaacha kuja." Akaigeuza breki kiganjani. "Elki nimewasikia tangu utotoni, walinitosha. Wewe nilikuwa sijatosheka nawe."

Britta akataka kumwambia asingeacha kamwe, angekuja hata bila bunduki, angekuja kukaa tu. Lakini alikuwa akilia, maneno yakatoka yamevunjika, midomo inatetemeka.

Orrin akamfuta mashavu kwa kile kitambaa chenye mafuta, akamsogelea, macho kayakaza mdomoni kwake.

"Usilie kwanza, mama," akasema. "Ukilia siwezi kukusoma."