Jina Yenye Mama Hataji

Mwalimu Valéry aliwapa kazi moja tu: kila mutu aandike barua kwa mukubwa wa jamaa yake mwenye alikufa, lakini barua ikae kama shairi. Ijumaa wataisoma mbele ya darasa.

"Na ianze na jina," alisema. "Barua bila jina inaenda kwa nani?"

Esperance, mutoto mwenye haya nyingi, mwenye sauti yake hata yeye mwenyewe aliisikia kwa taabu, alimaliza siku ile ile:

*Koko, baba ya papa, sikukujua,*
*wanasema mi natembea kama we.*
*Papa alipanda boti kurudi Uvira, kuangalia nyumba yako.*
*Juma sita sasa, simu yake imenyamaza.*
*We mwenye unaona pande zote za ziwa,*
*mushike mukono, umurudishe.*

Barua ilikosa jina tu.

Divin, wa meza moja naye, akachungulia. "Koko nani? We Espe, bakoko wa Kongo ni wengi kama samaki ndagala mu ziwa! Barua itapokelewa na mwingine, atarudisha papa wa watu!"

Darasa likacheka. Esperance akafunika daftari, lakini neno likabaki ndani kama mwiba. Na kama ni kweli?

Nyumbani, mutaa wa Musaga, ngambo hii ya ziwa, Esperance alimukuta mama yake anachambua lengalenga. Akamuuliza jina ya koko, mara ya tatu.

"Eh! Mutoto huyu! Mwanamuke anataja jina ya baba mukwe wake? Miaka kumi na saba niko kwa bwana, ile jina haijatoka mu kinywa changu. Mi namwitaga Muzee wa Kule Juu, inatosha. Utauliza papa yako akirudi. Ni yake kukuambia."

"Na kama Ijumaa hajarudi?"

"Atarudi. Chambua mboga."

Jibu lile lilimuudhi Esperance, lakini lilimutuliza pia. Papa akirudi. Mama hakusema vingine hata siku moja.

Alhamisi mama alishuka bandarini, kama kila siku boti ya Kongo ikifika, kuuliza mabaharia. Alirudi mapema, kwa miguu, kitambaa cha kichwa mukononi. Akaenda kukaa juu ya kiti ya papa, yenye hakuna mutu alikuwa anagusa.

"Mama, nikuletee maji?"

"Apana. Leta daftari yako."

Akaleta.

"Andika," mama akasema, macho kwenye ukuta. "Mugisho. Mugisho, mwana wa Cirimwami."

Jina ilitoka nzito, kama gunia mutu anatua chini.

Esperance alishika kalamu ya bic. Juu ya ile mistari sita, nafasi ilikuwa inamungojea. Akangojea mama aseme: utauliza papa yako. Mama hakusema. Mulangoni majirani walikuwa wameanza kuingia bila hodi, kila mutu na kiti yake, kama kwenye matanga.

"Apana, mama." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilisikika mupaka inje. "Mi nitangojea papa. Ni yake kuniambia."

Akafunga daftari, akaikalia.